Barua ya wazi kwa Serikali ya Kijiji chetu: nyumba ya marehemu baba imeuzwaje mara tatu?

Kwa: Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kijiji na Mtendaji wa Kijiji
Nakala: Diwani wa Kata; Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya; wanakijiji wote

YAH: KUOMBA HISTORIA YA MAUZIANO YA NYUMBA YA MIRATHI

Assalaam alaykum, waheshimiwa.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naandika nikiwa msimamizi wa mirathi ya marehemu baba yangu, kwa niaba ya mama na ndugu zangu. Barua zilizotangulia nilizileta ofisini kwa utaratibu, zikagongwa mhuri wa "imepokelewa", na hakuna iliyojibiwa. Nilipokuja mwenyewe, leo Mtendaji yuko wilayani, kesho faili halionekani, keshokutwa ufunguo wa kabati anao mtu mwingine. Maji yamezidi unga. Sasa nasema mbele ya watu, kwa heshima na bila kumtukana mtu.

Wazee wa kijiji wanaijua nyumba ninayoisema. Ni ile ya mawe na chokaa, yenye baraza mbili zinazotazama njia ya kwenda dikoni, boti za wavuvi zinakofikia. Aliijenga babu, kwa boriti za mikoko zilizoletwa na jahazi kutoka Rufiji, na vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba. Juu palikuwa makuti mpaka baba alipodunduliza fedha za mbata akaezeka bati. Wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya sabini, familia zilizohamishwa kutoka mashambani zililala ukumbini mwetu mpaka zilipojenga vibanda vyao. Baadhi ya watoto wa familia hizo leo ni wajumbe wa Halmashauri ya Kijiji. Uwani kuna kisima. Nyuma ya kisima, chini ya mkwaju, wamelala babu, bibi na wachanga wetu wawili.

Baba alifariki 2011. Mwaka uliofuata Mahakama ya Mwanzo iliniteua kuwa msimamizi wa mirathi, na barua ya utambulisho tuliyokwenda nayo mahakamani iliandikwa na ofisi hii ya kijiji. Nyumba imeorodheshwa kwenye Fomu Na. V, ile ya mali za marehemu, na ipo kwenye jalada la mahakama. Warithi wote tulikubaliana, na muhtasari wa kikao tunao, kwamba nyumba isiuzwe na mama akae humo maisha yake yote. Kaka yetu wa baba mmoja, ambaye jina lake linaonekana kwenye hizo karatasi za mauziano, alitia saini muhtasari huo kwa mkono wake.

Malalamiko yetu ni haya.

1. Karatasi tatu kwa nyumba moja

Mapema 2025 alikuja kijana mmoja mstaarabu, akabisha hodi, akamwamkia mama, akauliza atahama lini, maana bosi wake anataka kuanza kazi kabla ya masika. Mama alidhani amepotea nyumba. Kijana akafungua bahasha ya nailoni, akatoa nakala tatu za hati za mauziano, akamsomea moja baada ya nyingine. Nakala hizo ninazo sasa, na ninaomba kila mwanakijiji anifuatilie hapa kwa makini.

Karatasi ya kwanza ni ya 2017. Muuzaji ni kaka yetu, mnunuzi ni dalali anayejulikana hapa. Kinachouzwa ni "nyumba ya vyumba sita na uwanja wake, hatua 30 kwa 20". Bei ni shilingi milioni 6.

Karatasi ya pili ni ya 2021. Dalali anamuuzia mtu wa mjini "nyumba chakavu na shamba la minazi, mita 45 kwa 60". Bei ni milioni 28. Shamba hilo la minazi halikuwamo kwenye karatasi ya kwanza, na nusu yake hata si la baba. Ni la jirani yetu, mama mjane, ambaye mpaka juzi hakujua kwamba minazi yake imeshauzwa.

Karatasi ya tatu ni ya Januari 2025. Mtu wa mjini anaiuzia kampuni "eneo la ufukwe". Nyumba haikutajwa kabisa. Kisima, mkwaju na makaburi havimo. Mpaka wa mashariki umeandikwa neno moja tu: "bahari". Bei ni milioni 140.

Kwa hiyo ndani ya miaka minane ardhi yetu imekuwa ikinenepa kwenye makaratasi bila mtu kusogeza hata jiwe moja la mpaka, na nyumba imekuwa ikififia. Kwanza ilikuwa nyumba ya vyumba sita, ikawa chakavu, kisha haipo. Mama yangu amelala ndani ya hiyo isiyokuwapo miaka yote hiyo. Nani alikwenda kupima? Ni mjumbe yupi wa kijiji aliyesimama kwenye mpaka akahesabu hizo mita? Majirani wa pande nne, ambao kwa desturi yetu huitwa kabla mtu hajauza hata kiwanja cha banda la kuku, wote wanasema hawakuitwa.

2. Mhuri wa kijiji

Karatasi zote tatu zina mhuri wa kijiji chetu. Ingekuwa watu wameandikiana gizani, ningekwenda kuhangaika na hao watu. Lakini mnunuzi wa mjini hamjui kaka yetu, na kampuni haimjui dalali. Wote wameuamini mhuri. Bila mhuri, karatasi ya kwanza isingezaa ya pili, wala ya pili isingezaa ya tatu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji inasimamia ardhi ya kijiji kama mdhamini anayetunza mali ya wengine. Mdhamini anayejua kwamba nyumba iko kwenye mirathi, kwa sababu ofisi yake ndiyo iliyotutambulisha mahakamani, anawezaje kushuhudia ikiuzwa na mtu asiye msimamizi? Kuomba kuona barua ya uteuzi kutoka mahakamani ni jambo la dakika tano. Halikufanyika 2017, halikufanyika 2021, na halikufanyika 2025.

3. Shahidi aliyekwisha kuzikwa

Kwenye karatasi ya 2017 shahidi wa tatu wa upande wa familia ni mjomba wetu, na mbele ya jina lake kuna dole gumba. Mjomba alifariki 2015. Kijiji kizima kilihudhuria hitma yake. Na hata angekuwa hai, mjomba hakuwa mtu wa kuweka dole. Alikuwa karani wa ushirika enzi za mbata, mwandiko wake ulikuwa wa kuonyeshwa watoto shuleni, na saini yake, yenye mkia mrefu unaorudi chini ya jina, ipo kwenye vyeti vya ndoa na risiti kuukuu ndani ya nyumba nyingi hapa kijijini. Hilo dole ni la nani? Swali hili nimeliuliza kwa maandishi zaidi ya mara moja. Naliuliza tena.

4. Daftari

Sheria hiyo hiyo inataka kila kijiji kiwe na daftari la ardhi, na anayelitunza ni Mtendaji. Nilipoomba kuliona niliambiwa mara halipo, mara lipo lakini ni la siri. Kama halipo, mhuri uligongwa kwa kuangalia kumbukumbu gani? Na kama lipo, msimamizi wa mirathi anafichwaje ukurasa unaohusu mali anayoisimamia?

5. Ada

Kwenye karatasi ya tatu imeandikwa "ada ya kijiji imelipwa". Kama ada ni asilimia kumi, kwa milioni 140 ni milioni 14. Sisemi kwamba hicho ndicho kilicholipwa. Naomba namba ya stakabadhi, kiasi, na akaunti fedha ilikoingia, maana kwenye taarifa ya mapato iliyosomwa mkutanoni hatukuisikia.

6. Njia ya dikoni, makaburi na ufukwe

Hapa si familia yetu peke yake. Kipande kilichouzwa mpaka "bahari" kimemeza njia ambayo wavuvi hupitisha nyavu na mashine za boti, na kina mama hupita maji yakitoka kwenda kuokota chaza na kukaza kamba za mwani. Kimemeza pia makaburi. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Aliyeandika neno "bahari" kama mpaka wa kiwanja aliijua sheria hiyo au hakuijua, na vyovyote ilivyokuwa, ofisi ilipaswa kumzuia.

7. Mama

Mama alipokuja ofisini kulalamika, aliambiwa na mtu aliyekaa kwenye meza yenu: "Wewe bibi huna chako hapa, mali ya mume ni ya watoto wa kiume." Namwomba aliyesema hivyo afungue Qur'ani, Surat An-Nisaa. Mke wa marehemu aliyeacha watoto ana thumni yake iliyotajwa waziwazi, na mabinti wana mafungu yao. Asiyetaka kufungua msahafu afungue Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20, kinachobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Mama alirudi nyumbani akalala bila kula. Siku ya pili mdogo wangu alinunua kopo la rangi nyekundu akaandika ukutani, juu ya baraza, NYUMBA HII HAIUZWI. Wiki haikuisha, mtu alikuja usiku akayapaka maandishi chokaa. Tumeyaandika upya, na tutaendelea kuyaandika.

Sasa nije kwenye majibu ninayoyajua, kwa sababu mengi nimeshapewa pembeni, mlangoni na kwenye simu.

Mtasema ni ugomvi wa familia, twende tukamalizane nyumbani. Kaka yetu ni damu yetu, na hesabu zetu naye tutazifanya kwenye kikao cha ukoo na mbele ya hakimu. Katika barua hii simdai yeye. Nadai maelezo ya mhuri, na mhuri haukuwa wa familia.

Mtasema kaka naye ni mrithi, ana haki. Haki anayo ya fungu lake, baada ya mgawanyo. Nyumba nzima si fungu lake, na mali ya marehemu iliyo chini ya msimamizi haiuzwi na mrithi mmojammoja. Akiuza asichokuwa na mamlaka nacho, aliyenunua hapati zaidi ya alichokuwa nacho muuzaji. Namhurumia kweli huyo wa mjini na hiyo kampuni, kama walinunua kwa nia njema. Fedha zao wamdai aliyezipokea.

Mtasema ni mambo ya uongozi uliopita. Viongozi wa sasa waliingia baada ya uchaguzi wa Serikali za Mitaa wa 27 Novemba 2024, kweli. Lakini karatasi ya tatu ni ya Januari 2025. Na hata hizo mbili za mwanzo ziligongwa na ofisi, na ofisi haifi mwenyekiti akibadilika. Waliopokea mhuri wamepokea na madeni yake.

Mtasema tulikuwa wapi tangu 2017. Mama alikuwa ndani ya nyumba, mlango wazi, taa inawaka. Kila aliyetaka kuuliza angeuliza. Baadhi yetu tunaishi mjini kwa sababu ya kazi, na kwenda mjini kutafuta riziki hakumwondolei mtu urithi wake.

Mtasema nendeni mahakamani. Hili ndilo jibu linaloniuma zaidi, kwa sababu linatolewa na watu wanaojua gharama yake. Tunajua njia zote. Mgogoro na wanunuzi unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 linasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 ndipo unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tunajua pia kwamba kuishtaki Serikali ya Kijiji kunahitaji notisi ya siku 90 na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Na tunajua kwamba madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12, kwa hiyo kwa karatasi ya 2017 saa inatembea, na kila "njoo kesho" inamfaa mtu fulani. Tutakwenda huko ikibidi. Lakini mama yangu amevuka miaka 80, na kesi ya ardhi inaweza kumzika mdai kabla ya hukumu. Jambo ambalo ofisi inaweza kulisahihisha kwa barua moja, kwa nini bibi huyu alipandie basi kwenda kulisubiri wilayani?

Ninachoomba kwenu, Mwenyekiti na Mtendaji, ni hiki.

Kwanza, mnipe kwa maandishi historia kamili ya mauziano ya nyumba hii kama inavyoonekana katika kumbukumbu za kijiji: tarehe, majina ya waliouza na walionunua, mashahidi, vipimo, nani alipima, kikao gani cha Halmashauri ya Kijiji kiliidhinisha na muhtasari wake uko wapi. Kama hakuna kikao kilichokaa, andikeni hivyo hivyo kwamba hakuna.

Pili, muwaandikie wanunuzi watatu waliomo kwenye karatasi, na idara ya ardhi ya wilaya ipate nakala, kwamba nyumba iko kwenye mirathi na kwamba Serikali ya Kijiji haisimami nyuma ya mhuri ule mpaka suala hili liamuliwe. Katika kipindi hicho pasiwe na upimaji, hati, wala kibali cha ujenzi. Hili ndilo la haraka kuliko yote. Kijana wa bahasha ya nailoni amesharudi, na safari hii alikuja na watu wenye kamba ya kupimia.

Tatu, suala hili liwe ajenda kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji ujao, ambao kisheria unapaswa kufanyika kila miezi mitatu. Jirani yetu ambaye minazi yake imeuzwa aitwe. Wavuvi waitwe kwa ajili ya njia yao. Na yeyote aliyekuwapo karatasi ya 2017 ilipoandikwa aje aseme dole lile ni la nani.

Nne, kuanzia sasa nyumba yoyote ya marehemu isigongewe mhuri wa mauziano bila barua ya usimamizi kutoka mahakamani, na tangazo la mauziano libandikwe kwenye ubao wa ofisi na msikitini kwa muda wa kutosha kabla ya watu kusainiana. Nyumba yetu si pekee. Nimezunguka kijiji hiki kutoka mwanzo wa mikoko hadi bandari ya zamani, nikakuta familia nyingine zenye hofu kama yetu, na baadhi yao wameniomba niwaandikie barua kama hii.

Nasubiri majibu ya maandishi kabla ya Mkutano Mkuu ujao. Nitafika mkutanoni na mama, nikiwa na jalada la mahakama, Fomu Na. V, muhtasari wa kikao cha warithi na nakala za karatasi zote tatu, na kila mwanakijiji anayetaka kuzisoma atasoma. Tusipopata majibu, siku inayofuata notisi ya siku 90 itakabidhiwa ofisini kwenu, na shauri dhidi ya wanunuzi litafunguliwa Baraza la Kata.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msimamizi wa mirathi,
kwa niaba ya mama na warithi wote